Madoa Meusi Yasiyotoka

Mpwa wangu alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni la maji, anasugua jiwe. Lilikuwa jiwe la kijivu, kubwa kama ngumi zake mbili, limetapakaa madoa meusi mwili mzima. Alilisugua kwa vidole, akalisugua kwa mswaki uliochakaa, kisha akatafuta kokoto akaliparuza. Maji yakachafuka, jiwe likang'aa, madoa yakazidi kuonekana. Akaniletea huku mikono inachuruzika maji.

"Mjomba, uchafu huu hautoki."

Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Watu wazima hulikalia jiwe la namna hii, hulijengea, hujikwaa juu yake, na hawajiulizi yale meusi ni nini. Yeye ana miaka 8, na kwa mswaki wake alikuwa ameshagundua jambo la kwanza ambalo kila mwanafunzi wa miamba hana budi kuligundua: weusi ule haukupakwa juu. Umo ndani, umefumwa pamoja na mengine kama nyuzi nyeusi kwenye kitambaa.

Jina nilikuwa nalo mdomoni: honiblendi. Nikalimeza. Miaka mingi iliyopita nilialikwa kuzungumza na watoto darasani kuhusu mawe, nikaanza kwa kuandika jina hilo ubaoni, na chini yake fomula yake yote, yenye kalsiamu, magnesiamu, chuma, alumini, silikoni, oksijeni na hidrojeni. Nikageuka nikakuta nyuso zimefungwa. Hakuna aliyeuliza swali. Walinakili kimya kimya, wakaondoka. Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta namna ya kuyaeleza madini haya meusi kwa mtoto bila kumfungia mlango mwanzoni, na siku ya beseni ndiyo iliyonionyesha pa kuanzia.

Nilimpa sindano.

"Chagua doa moja uchokonoe. Uniambie linafanya nini."

Sababu ni hii. Katika mawe ya kijivu kama lile, meusi mara nyingi huwa ni mojawapo ya mawili. La kwanza ni ulanga mweusi, ambao wataalamu huuita biotiti. Huo ni laini, na ncha ya sindano ikiingia pembeni hubanduka vijikaratasi vyembamba vinavyometameta, moja baada ya jingine, kama kurasa za kitabu. La pili ni honiblendi. Hiyo haina kurasa. Sindano huteleza juu yake, na ukiivunja hutoka vibanzi virefu vyembamba kama vya kuni kavu. Kwenye kipimo cha ugumu alichokitunga Friedrich Mohs mwaka 1812, kinachoanzia 1 kwa talki, jiwe laini la kutengenezea poda, hadi 10 kwa almasi, biotiti hukaa kati ya 2 na nusu na 3. Honiblendi ipo kati ya 5 na 6, karibu sawa na kioo cha dirisha.

Mpwa wangu alichokonoa kwa bidii, ulimi nje. "Haling'oki. Linateleza tu."

"Basi madoa yako yanaitwa honiblendi," nikamwambia, na safari hii jina lilipokelewa, kwa sababu lilikuwa jina la kitu ambacho tayari kilishamshinda mara mbili.

Wenzake waliokuwa ndani ya jiwe lile tuliwapitia haraka. Meupe yenye nyuso bapa ni feldispa, madini mengi kuliko yote katika gamba la dunia. Yanayofanana na vipande vya chupa iliyofifia ni kwatzi. Watoto wengi huishia kupenda kwatzi, na sina ubishi nao, maana inang'aa. Lakini mimi moyo wangu uko kwa ile nyeusi. Jamii yake yote, inayoitwa amfiboli, hukadiriwa kuwa karibu asilimia 5 ya gamba la dunia. Hiyo si haba, ukikumbuka kwamba madini yanayojulikana ni zaidi ya aina 5,000 na mengi mno kati yake hayapatikani ila kwa chembe, mahali pawili patatu.

Kisha nilimpa kioo cha kukuzia, maana hapo ndipo utamu ulipo.

Palikuwa na doa moja kubwa lililovunjika ukingoni, na kwenye mvunjiko wake ungeweza kuona nyufa mbili zinazokutana. Nilimwomba anionyeshe kwa vidole viwili jinsi zinavyokutana. Alivitanua, akavitanua zaidi, mpaka vikawa kama paa la nyumba iliyojengwa chini. Ilikuwa pembe butu. Ukiipima vizuri kwenye kipande kilichokatwa sawasawa utapata nyuzi 124, na pembe kali iliyobaki pembeni yake ni nyuzi 56. Jiwe liwe la bara lolote na fuwele, yaani doa lenyewe la madini, iwe ndogo kama punje ya mchanga au ndefu kama kalamu, pembe ni hizo hizo.

Honiblendi ina ndugu anayefanana nayo sana, jina lake ojiti, wa jamii ya piroksini. Naye ni mweusi au kijani cheusi, naye ni mgumu vilevile, naye hukaa katika mawe ya volkano. Ukiwaweka mezani kwa rangi tu watakuchanganya. Lakini ojiti hupasuka kwa nyuzi karibu 87 na 93, yaani karibu na pembe mraba. Mtoto hahitaji maabara kuwatenganisha. Anahitaji kioo cha kukuzia na jicho linaloweza kutofautisha pembe ya kitabu na pembe ya paa.

Swali linalofuata ndilo linalotenganisha kukariri na kuelewa: kwa nini pembe ile na si nyingine? Watoto huuliza hivyo wenyewe, usipowaharakisha. Nimejaribu majibu mengi, na hili ndilo lililosimama.

Chukua karatasi ya miraba. Chora ukuta wa matofali, kila tofali miraba 2 kwa upana na mraba 1 kwa kimo, na kila safu isogee mraba mmoja ili viungo visikae juu ya viungo, kama fundi anavyopanga. Sasa mwambie mtoto apitishe ufa kutoka chini kwenda juu, lakini ufa hauruhusiwi kukata tofali. Lazima ufuate viungo. Ufa utapanda kama ngazi: mraba mmoja pembeni, mraba mmoja juu, mmoja pembeni, mmoja juu. Weka rula juu ya ngazi hiyo uvute mstari. Chora ufa mwingine unaopanda kutoka upande wa pili. Pima mahali inapokutana: nyuzi 90. Huyo ndiye ojiti.

Chora ukuta wa pili. Safari hii kila tofali liwe na upana mara mbili, miraba 4, na kimo kile kile cha mraba 1, na kila safu isogee miraba 2. Ufa sasa unapanda miraba 2 pembeni kwa kila mraba 1 juu. Ngazi imelala. Vuta mistari, pima. Utapata pembe butu ya nyuzi karibu 127 na pembe kali ya karibu 53. Ukilinganisha na 124 na 56 za jiwe la kweli, mchoro wa penseli umekaribia kwa tofauti ya nyuzi 3 tu. Nilipouchora mara ya kwanza nilikaa nikauangalia kwa muda mrefu.

Mpwa wangu alipima kwa kipimapembe chake cha plastiki akapata 125. Hakujua kwamba alikuwa karibu na jiwe kuliko mchoro wenyewe, na sikumsahihisha.

Matofali yenyewe ni nini, basi? Ni kamba za atomu zikitazamwa kwa mbele. Katika madini haya kila atomu ya silikoni imezungukwa na oksijeni 4, umbo la piramidi ndogo yenye nyuso 4. Piramidi hizi hushikana kwa kugawana oksijeni za kwenye ncha, kama watoto walioshikana mikono. Katika ojiti na ndugu zake zimeshikana mstari mmoja mrefu. Katika honiblendi ni mistari miwili iliyosimama sambamba, na kila mtoto wa pili ananyoosha mguu kumgusa mwenzake wa mstari wa pili. Kwa hiyo kamba ya honiblendi ina upana mara mbili, na ndiyo maana tofali lake ni pana. Kati ya kamba na kamba wamekaa kina kalsiamu, magnesiamu na chuma, wanaozishikanisha, lakini mshiko wao ni dhaifu kuliko wa silikoni na oksijeni. Jiwe likipigwa, ufa hutafuta palipo dhaifu. Hauwezi kukata kamba, basi unazizunguka. Na kwa sababu kamba ni ndefu, vinavyovunjika hutoka virefu. Vile vibanzi vya kuni kavu ni kamba hizo zimelala pamoja kwa mabilioni.

Haya yalijulikana si zamani sana. Mwaka 1912 Max von Laue alionyesha kwamba miali ya eksirei ikipita ndani ya fuwele hutawanyika kwa mpangilio, na baba na mwana, William Henry Bragg na Lawrence Bragg, wakaigeuza kuwa njia ya kusoma mahali atomu zilipo. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1915, mwana akiwa na miaka 25. Mpangilio wa kamba moja na wa kamba mbili ulichorwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Kabla ya hapo watu walizipima pembe kwa zaidi ya karne moja bila kujua kilichomo ndani.

Fomula niliyoiandika ubaoni siku ile ilikuwa sahihi, ila niliiwasilisha kama mzigo. Nikieleza leo nasema: fikiria chumba chenye viti vilivyopangwa, na kwenye baadhi ya viti anaweza kukaa chuma au magnesiamu, yeyote atakayewahi, kwa sababu wana ukubwa unaokaribiana. Mahali pengine alumini huketi kwenye kiti cha silikoni. Chumba ni kile kile, waliokaa wanatofautiana. Kwa hiyo honiblendi si madini ya aina moja yenye kipimo kimoja. Ni jina la ukoo. Wataalamu wana majina marefu kwa kila mpangilio wa viti, na wenye jiwe mkononi huendelea kusema honiblendi tu.

Viti vya chuma vikijaa, rangi huwa nzito. Chuma hunyonya mwanga, ndiyo maana doa huonekana jeusi. Lakini weusi huo ni wa unene tu. Wanaochunguza miamba hukata kipande cha jiwe, wakakibandika kwenye kioo na kukisaga mpaka kibaki na unene wa milimita 0.03, chembamba kuliko unywele. Hapo mwanga hupenya, na ile nyeusi inakuwa kijani ya jani au kahawia ya chai. Ukiitazama kwa hadubini yenye kichujio kinachoruhusu mwanga unaotikisika upande mmoja tu, kisha ukaizungusha taratibu, rangi inabadilika mbele ya jicho: kijani, manjano iliyofifia, kijani tena. Nimewahi kumpisha mtoto kwenye kiti cha hadubini nikadhani atatazama dakika moja. Alikataa kushuka.

Sasa jina. Limetoka kwa wachimbaji wa Ujerumani wa zamani, na sehemu yake ya pili, "blende", inatokana na neno la kupumbaza au kudanganya. Mchimba migodi aliona jiwe jeusi, zito, linalong'aa, akadhani amepata mbale yenye metali. Akalichoma tanuruni, halikutoa kitu cha kuuza. Akaliita mdanganyifu. Kisha mwaka 1801 Mfaransa René Just Haüy alipotafuta jina la jamii nzima akachukua neno la Kigiriki lenye maana ya kitu chenye utata, kisichoeleweka ni kipi, na ndipo tukapata amfiboli. Jina la madini limebeba lawama, na jina la ukoo limebeba mashaka. Naliona hilo kuwa ni dhuluma, na nawaambia watoto hivyo. Jiwe halikuahidi metali. Watoto hulikubali jambo hili upesi mno, nadhani kwa sababu wanajua maana ya kulaumiwa kwa kitu ambacho hukusema.

Kile ambacho honiblendi inacho kweli, wachimbaji wale hawakuwa na haja nacho. Ina maji.

Siyo maji ya kutikisika ndani ya jiwe. Ni jozi ya oksijeni na hidrojeni iliyokaa katikati ya kamba, mahali piramidi zinapofanya duara. Ukiikusanya ni kama asilimia 2 ya uzito. Kilo moja ya honiblendi hubeba maji ya takriban gramu 20, vijiko 4 vya chai. Ojiti haina sehemu hiyo. Maana yake ni kwamba honiblendi ikikua ndani ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ni ushahidi kwamba magma ile ilikuwa na maji. Na maji hayo katika volkano nyingi yalianza baharini. Sakafu ya bahari hulowa, hubadilika, kisha husukumwa chini ya bara pamoja na maji yaliyomo ndani ya madini yake. Huko chini joto huyafukuza, yanapanda, yanaushusha ukali wa joto unaohitajika kuyeyusha mwamba wa juu yake, na magma inazaliwa. Norman Bowen, aliyeyeyusha miamba maabara mwanzoni mwa karne ya 20, alionyesha zamu za kuganda: magma inapopoa hutangulia olivini ya kijani, hufuata piroksini, kisha amfiboli, kisha biotiti. Kila anayechelewa hukuta magma imepoa zaidi, na maji yaliyobaki yamejikusanya kwa wingi zaidi.

Maji hayo hukaa ndani ya fuwele kwa kubanwa. Magma ikipanda kuelekea juu, kubanwa kunapungua, maji yanaiacha magma kwa mapovu, na honiblendi iliyotulia vizuri huko chini inaanza kuharibika pembezoni. Hupata ukingo wa chembe ndogo ndogo za madini mengine. Ukingo huo ni saa. Magma ikipanda polepole, ukingo unanenepa. Ikipanda haraka, haupati muda wa kuota. Mlima Saint Helens wa Marekani ulipolipuka tarehe 18 Mei 1980, mawe yake yalitoka na honiblendi safi, isiyo na ukingo: magma ilikuwa imepanda ndani ya siku chache tu. Miaka iliyofuata, mlima uliposukuma nje lava nzito kidogo kidogo, honiblendi zilikuja na kingo, na wachunguzi wakalinganisha unene wake na uliopatikana maabara wakajua mwendo. Doa jeusi lisilotoka kwa mswaki linaweza kukuambia mlima ulikimbia kiasi gani.

Linajua pia kuhesabu miaka. Ndani yake mna potasiamu kidogo, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo, iitwayo potasiamu-40, huoza nusu yake kwa kila miaka bilioni 1.25, na takriban asilimia 11 ya inayooza hugeuka gesi ya agoni. Jiwe likiwa la moto sana gesi hutoroka. Likipoa chini ya nyuzi joto 500 hivi, kamba zinaifungia ndani. Pima gesi iliyofungiwa, ujue lini mlango ulifungwa. Watoto wadogo nawaachia hapo, na wakubwa ndio wanaotaka hesabu.

Neno moja kwa wazazi, na nalisema kwa uzito. Mtoto asigonge mawe bila kinga ya macho, na asisage jiwe jeusi akavuta vumbi lake. Ndugu wengine wa amfiboli huota kwa nyuzi laini kama pamba, na hizo ni aina za asbesto. Zikiingia mapafuni haziondoki. Honiblendi ya kawaida ndani ya jiwe gumu haina shida kuishika, lakini vumbi la mwamba wowote si la kuvuta. Sindano, maji na kioo cha kukuzia vinatosha.

Jioni ile nilikuwa nimeshaingia ndani, namalizia kumsimulia mama yake habari za matofali, mpwa wangu alipoingia tena na jiwe na sindano yangu. Alikuwa amelizungusha upande wa chini, upande ambao sikuutazama.

"Mjomba, ulisema yote ni honiblendi."

"Ndiyo."

Akanyoosha ncha ya sindano. Juu yake palikuwa na kijikaratasi cheusi kimoja, chembamba, kinametameta kila mkono wake ulipotikisika.

"Hili hapa linabanduka."

Nikachukua kioo cha kukuzia tukaenda mlangoni penye mwanga, tukaanza kuhesabu upya, doa moja baada ya jingine, yeye akichokonoa na mimi nikiandika: la kamba, la kurasa, la kamba, la kamba, la kurasa.